Darsa ya Ndege: Asubuhi Moja Katika Kinamasi cha Rusizi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Darsa ya toleo hili haikutoka darasani wala msikitini. Ilitoka matopeni, katika delta ya mto Rusizi, mahali ambapo wengi wetu tuliozaliwa Bwiza na Buyenzi tunapapita kwa basi tukienda Gatumba au Uvira bila kugeuza shingo. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, wanafunzi 17 wa jumuiya yetu, kaka na dada, tulikwenda huko kutazama ndege. Tulikuwa na darubini 2, daftari moja la kuandikia, na mitungi ya maji ya kunywa na kutawadha. Tulirudi na mafunzo, na pia na jambo moja lililotuumiza. Yote mawili tutayaeleza, kwani darsa inayoficha makosa ya wenyewe haimfai mtu.

1. Kwa nini Muislamu atoke kwenda kutazama ndege?

Kabla ya safari baadhi ya ndugu walicheka. Walisema hiyo ni kazi ya watalii na wazungu wenye kofia pana. Jibu liko ndani ya Qur'an yenyewe. Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawauliza watu kama hawawaoni ndege walio juu yao wakikunjua mbawa zao na kuzikunja, na anatufahamisha kwamba hakuna anayewashikilia pale isipokuwa Yeye. Katika Suratun Nahl, aya ya 79, swali hilo linarudi, na tunaambiwa kuwa humo mna ishara kwa watu wanaoamini. Katika Suratun Nur, aya ya 41, tunajulishwa kuwa hata ndege wanamtakasa Mola wao, na kila mmoja anaijua swala yake na tasbihi yake. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, tunafundishwa kwamba kila mnyama wa ardhini na kila ndege anayeruka kwa mbawa zake mbili ni umma mfano wetu.

Zingatia, ndugu yangu: tumeulizwa kama hatutazami. Mtu akiulizwa hivyo na mzazi wake ataona haya na kuinua macho. Basi vipi akiulizwa na Muumba wake? Kutazama kwa mazingatio ni ibada inayoitwa tafakuri. Haihitaji ada ya shule. Inataka macho, utulivu, na kunyamaza kidogo.

2. Mahali penyewe

Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu, unashuka kusini kati ya Rwanda na Kongo, kisha kati ya Burundi na Kongo, mpaka unapomwaga maji yake katika ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Unapokaribia ziwa, mto unagawanyika na kutandaza udongo wake. Hapo ndipo panapoota matete, mafunjo na nyasi ndefu, na panapobaki vidimbwi na matope laini. Sehemu hiyo ni ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu, kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran.

Kwa nini mahali hapa panawavuta ndege? Kwa sababu matope ni meza iliyoandaliwa. Ndani yake mna minyoo, konokono na wadudu wasiohesabika. Kwenye matete samaki wadogo hujificha, na ndege huwafuata. Ndege mwenye mdomo mfupi anaokota juu ya tope, mwenye mdomo mrefu anachimba ndani, mwenye miguu mirefu anasimama kwenye kina kirefu zaidi, na mdiria anajitupa kutoka hewani. Wanakula mahali pamoja, na kila mmoja ana mlango wake wa riziki.

Tuliondoka Bwiza saa 11 na nusu asubuhi, baada ya Alfajiri. Mwongozaji wa hifadhi, mzee mwenye sauti ya chini, alitupa masharti kabla ya hatua ya kwanza: "Wanangu, humu kuna viboko na mamba. Kiboko akiwa nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Mnifuate mimi, mmoja nyuma ya mwingine, na asiwepo wa kupiga kelele." Tukamtii. Hata hilo ni funzo: mwenye elimu ya mahali ndiye imamu wa mahali hapo.

3. Tuliowaona

Jua lilipochomoza nyuma yetu, milima ya upande wa Uvira ikageuka rangi, na ndege wakaanza kuonekana. Mwari walielea kwa kundi kama mashua zilizofungwa pamoja. Mnandi walisimama kwenye vigogo wakiwa wamekunjua mbawa zikauke. Yangeyange, wale weupe ambao kwa Kirundi tunawaita inyange, waliifuata mifugo pembezoni mwa kinamasi. Kwarara walichimba matope kwa midomo yao iliyopinda. Juu ya mti mkavu furukombe alilia, na dada mmoja akasema kwamba miaka yote alikuwa akiisikia sauti ile kando ya ziwa bila kumjua mwenyewe.

Halafu tukawaona wageni. Vitwitwi, ndege wadogo wa miguu myembamba, walikimbia ukingoni mwa maji na kusimama, wakakimbia na kusimama tena. Buabua walizunguka juu ya maji. Mbayuwayu walipita chinichini wakiwanasa wadudu hewani. Mbayuwayu tunamjua sote kwa jina la intamba, kwa sababu timu yetu ya taifa ya mpira inaitwa Intamba mu Rugamba. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kumkazia macho?

Mwezi wa Oktoba kwetu ni mwanzo wa mvua. Huko kaskazini ya dunia, Ulaya na Asia, ni wakati ambapo majani yanapukutika, baridi inaingia na wadudu wanapotea. Ndege wengi huondoka huko na kuja Afrika, wakakaa kwetu mpaka karibu mwezi wa Aprili. Mbayuwayu wa Ulaya ana uzito wa takriban gramu 20 tu, mzigo ambao hutausikia kiganjani, naye huvuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara. Baadhi yao hufika hadi Afrika Kusini, safari ya karibu kilomita 10,000.

4. Nani aliyewaonyesha njia?

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Wapo waliodhani kwamba mbayuwayu hulala ndani ya matope chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Kiafrika. Korongo alikuwa amechomwa huku kwetu barani Afrika, akaishi, akaruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Ndege huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, naye alikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza ulioonyesha waziwazi kwamba korongo wa Ulaya huja Afrika.

Leo wataalamu huwafunga ndege vifaa vidogo vinavyowasiliana na setilaiti. Mwezi wa Oktoba 2022, ndege mmoja wa jamii ya hao wa matopeni aliondoka Alaska akatua Tasmania, Australia, baada ya kuruka kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua, bila kula wala kunywa. Alikuwa kinda wa miezi 5 hivi, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Wataalamu wamegundua kwamba ndege huongozwa na jua, nyota, na nguvu ya sumaku ya dunia. Huo ndio ufafanuzi wa namna. Muumini anauongezea swali la pili: ni nani aliyeweka dira ndani ya kichwa kidogo kama kile? Nabii Musa (a.s.) alipoulizwa na Firauni kuhusu Mola wake, jibu lake katika Suratu Taha, aya ya 50, lilikuwa kwamba ni Yule aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Kujua namna hakuondoi imani. Kunaipa imani macho.

5. Tawakkul si kukaa kiotani

Tulipumzika chini ya mti, na ndugu mmoja akatukumbusha hadithi aliyoipokea Umar bin Khattab (r.a.), iliyomo katika Sunan Tirmidhi na Musnad ya Imam Ahmad. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege: asubuhi wanatoka na njaa na jioni wanarudi wameshiba.

Wanachuoni wamebainisha kwamba ndege wa hadithi hii hakai. Anatoka. Riziki imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mbawa ni juu ya ndege. Mwanafunzi anayelala mpaka saa 4 asubuhi wiki ya mitihani, kisha akasema amemtegemea Mola, hajajifunza kwa mbayuwayu. Na yule anayekesha na vitabu mpaka akajiona kwamba amefaulu kwa akili zake pekee, naye hajajifunza.

6. Jambo lililotuumiza

Tulipotoka hifadhini, kando ya barabara kubwa, tulikutana na mvulana wa miaka 10 hivi. Alikuwa ameshika kinda la yangeyange, amelifunga mguu kwa uzi wa nailoni. Alikuwa akiliuza faranga 3,000.

Hapo tukagawanyika. Mmoja wetu akasema: tumnunue tumwachie. Mwingine akasema: tukimnunua, kesho atakamata wengine 3, maana tumempa soko. Wa tatu akataka tumpokonye, akasema huo ni munkari na unaondolewa kwa mkono. Wa nne akauliza kama kufuga ndege si halali. Tukavutana kwa dalili, kila mmoja na hadithi yake, sauti zikapanda. Ndugu mmoja tu, mzaliwa wa Gatumba, ndiye aliyechuchumaa akazungumza na mtoto. Mtoto akamwambia: "Kaka, shamba letu limeingiwa na maji. Mama ameniambia nitafute cha kuuza." Tulipokuja kukubaliana, gari moja lilikuwa limesimama, dereva amelipa, na kinda limekwenda. Mtoto naye akaondoka na pesa zake mkononi.

Ndugu msomaji, tulinyamaza mpaka Bwiza. Tulikuwa tumetumia asubuhi nzima kuzungumza juu ya huruma ya Mola kwa ndege, na ndege mmoja alipofika mbele yetu tukageuka mahakama. Tuliporudi wiki mbili baadaye, hatukumkuta yule mtoto.

7. Hukumu tulizopaswa kuzijua mapema

Tumeona tuziandike hapa, ili atakayefuata asikwame tulipokwama sisi.

a) Kuwapokonya ndege makinda yao. Katika Sunan Abi Dawud, Abdullah bin Mas'ud (r.a.) anasimulia kwamba masahaba walipokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamrisha warudishwe. Hakuanza kwa kulaumu muda mrefu. Alianza kwa kurudisha.

b) Kumfanya kiumbe hai shabaha au mchezo. Katika Sahihi Muslim, Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimpiga mishale, akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Manati za watoto mitaani kwetu, zinazopigwa kwa mchezo tu, ziangaliwe kwa hadithi hii.

c) Kufuga. Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto mdogo, Abu Umair, kwa upole kuhusu kindege chake kilichokufa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na wanachuoni wengi wamechukua kutoka kwake ruhusa ya kumweka ndege kwa sharti la kumlisha na kumtunza vizuri. Lakini vitabu hivyo hivyo vina habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Basi ruhusa ina mipaka: uzi wa nailoni unaokata mguu hauingii ndani yake.

d) Kuwinda kwa ajili ya kula. Ndege aliye halali akiwindwa kwa haja na kuchinjwa inavyotakiwa, hakuna ubaya. Ndege wenye kucha za kuwindia, kama mwewe na furukombe, nyama yao imekatazwa. Hudihudi amekatazwa kuuawa, na kisa chake na Nabii Sulaiman (a.s.) kimo katika Suratun Naml.

e) Na mwenye njaa? Haki ya mwanadamu mwenye njaa haifutwi na huruma kwa ndege, wala huruma kwa ndege haifutwi na njaa. Aliyetaka kumwokoa yangeyange alipaswa kwanza kumuuliza mtoto amekula nini. Ndugu yetu wa Gatumba aliijua hukumu hii bila kufungua kitabu.

8. Maji yanapopanda

Ndugu huyo ndiye aliyetuuliza swali gumu zaidi: "Mnatazamaje ndege mahali ambapo watu wamepoteza nyumba?" Ana haki ya kuuliza. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake ukaifunika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2021 na tena 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia mitaani. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie. Mvua zikizidi miaka ikifuatana, maji hayana haraka ya kuondoka.

Tulipolitafakari swali lake, tuliona kwamba ndege na watu wa Gatumba hawagombani. Wako upande mmoja. Kinamasi chenye mafunjo na matete hufanya kazi ya sifongo: hupokea maji ya mto, huyapunguza kasi, na huzuia udongo usiingie ziwani. Ndani yake samaki wadogo hupata maficho ya kukulia, na samaki ndio chakula cha mji wetu. Matete yakikatwa yote, mifereji ikijaa chupa na mifuko ya plastiki, milima ikibaki bila miti na udongo wake ukashuka, anayelipa kwanza ni maskini wa bondeni. Kupotea kwa ndege ni kama kuzimika kwa taa ya tahadhari: kunatuambia kwamba pale chini kuna kitu kimeharibika.

Mwenyezi Mungu alimfanya mwanadamu khalifa katika ardhi. Khalifa hupewa amana, na mwenye amana huulizwa.

9. Tufanye nini?

Kwanza, tujue majina. Kila mmoja wetu ajifunze ndege 10 wa mtaani kwake kwa Kiswahili na Kirundi. Ni vigumu kumhurumia usiyemjua jina.

Pili, tupande. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hata ua wa nyumba ya Bwiza una nafasi ya mpapai mmoja.

Tatu, tusitupe plastiki mferejini. Mfereji wa Bwiza unaelekea ziwani.

Nne, tuwaambie watoto wa madrasa kisa cha Ibn Mas'ud na yale makinda mawili.

Tano, tunapotoka kwenda kutazama ndege, tubebe pia kitu cha kuwapa watu wa pale. Jumuiya imekubaliana kwamba kila safari ya Rusizi iwe na mfuko wa unga na maharage kwa familia zilizohama. Ni kidogo, lakini yule mtoto angekuwa na cha kumpelekea mama yake.

Maswali ya halaka

1. Katika aya nne zilizotajwa mwanzoni, ni jambo gani linalorudiwa kuhusu ndege?
2. Eleza tofauti ya tawakkul na uvivu kwa mfano wa ndege anayetoka asubuhi.
3. Wewe ungelifanya nini mbele ya mtoto aliyeshika yangeyange? Toa dalili yako, kisha sema ungeanza na neno gani.
4. Taja faida mbili za kinamasi kwa watu wa Bujumbura.
5. Safari ya korongo wa mwaka 1822 inatufundisha nini juu ya uhusiano wa nchi zilizo mbali?

Hitimisho

Ndugu zangu, mbayuwayu tuliowaona Oktoba wataondoka mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Watarudi walikotoka, na mwaka ujao Mola akipenda watakuja tena, wao au wana wao, wakilitafuta tope lile lile. Tunamuomba Mwenyezi Mungu walikute bado lipo, na tuwe tumejifunza kutenda kabla ya kubishana. Ewe Mola, tupe macho yanayozingatia, mikono inayorudisha haki kwa haraka, na nyoyo zisizomsahau mwenye njaa wala kiumbe asiyeweza kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.